Neno Lililoniangusha Namawojjolo

Nimeanguka na baiskeli mara tatu maishani mwangu. Mara ya kwanza nilikuwa na umri wa miaka saba, katika mtaa wa Ngamiani mjini Tanga, nikijifunzia baiskeli ya baba iliyokuwa ndefu kunipita, hivyo nilipitisha mguu mmoja katikati ya fremu na kuiendesha nikiwa nimepinda upande kama ndoana. Mara ya pili nilikutana na mbuzi ambaye hakuwa ameamua apite upande gani. Mara ya tatu ilikuwa mwezi uliopita, katika soko la kando ya barabara la Namawojjolo, mbele kidogo ya Mukono, nikiwa katikati ya mamia ya waendesha baiskeli waliotoka Kampala kwenda Jinja kuchangia matibabu ya watoto wenye selimundu. Safari hii sikuwa na mbuzi wa kumlaumu. Kilichoniangusha ni neno la silabi mbili, ambalo nimelifundisha darasani kwa miaka mingi nikiamini kwamba nalijua.

Mtu wa Tanga haelezwi baiskeli ni nini. Mji wetu ni tambarare, na kwa baiskeli watu huenda sokoni, kazini, msikitini, hata harusini wakiwa wamepiga pasi nguo zao na kubana suruali kwa klipu ya nguo ili isiingie kwenye mnyororo. Kampala ni kinyume chake. Huu ni mji wa vilima, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na ukimaliza kushuka kilima kimoja unakuta kingine kimekusubiri palepale chini. Nilihamia hapa kufundisha Kiswahili, baada ya Baraza la Mawaziri la Uganda kuidhinisha mnamo Julai 2022 kwamba kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, nikaja na moyo mkunjufu na wazo la kwenda kazini kwa baiskeli. Nilinunua ya mtumba kule Kisenyi, nikapanda nayo kilima kimoja tu, kisha ikakaa ukumbini mwaka mzima ikianikiwa taulo.

Nisingeitoa hapo kama si binti mmoja wa darasa la pili la sekondari, ambaye kila muhula alikuwa akitoweka wiki mbili au tatu na kurudi amekonda, akiomba daftari za wenzake bila kueleza neno. Mwishowe mama yake alikuja shuleni akatueleza. Katika selimundu, chembe nyekundu za damu ambazo kwa kawaida ni duara na laini hupinda zikawa kama mundu, zikakwama katika mishipa midogo, na pale zinapokwama mtoto hupata maumivu ambayo mama huyo aliyaeleza kwa kukunja ngumi yake mbele yetu na kuibana mpaka vifundo vikabadilika rangi. Mtoto huupata ugonjwa huu akirithi vinasaba vyake kutoka kwa wazazi wote wawili, na wazazi hao kwa kawaida huwa wazima kabisa, hawajui kwamba wamevibeba. Utafiti wa kitaifa ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016, uliopima sampuli za damu za watoto zaidi ya 97,000 nchini Uganda, ulikuta asilimia 13.3 wamebeba kinasaba kimoja, na asilimia 0.7 ni wagonjwa. Dawa ya kupunguza makali ipo, nayo ni haidroksiyurea. Jaribio lililofanywa katika nchi nne za Afrika, mojawapo ya vituo vyake kikiwa Mbale hapa Uganda, lilionyesha katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 kwamba watoto walioinywa walipata maumivu, malaria na vifo vichache zaidi. Kazi ni kuipata kila siku, mwezi baada ya mwezi, kwa familia ambayo nauli ya kliniki peke yake ni hesabu.

Basi tangazo la safari ya hisani lilipobandikwa shuleni, nilijiandikisha kabla sijapata nafasi ya kufikiri. Utaratibu ulikuwa wa wadhamini: kila mshiriki anatafuta watu wa kuahidi kiasi fulani kwa kila kilomita atakayomaliza, na kutoka Kampala hadi Jinja ni takriban kilomita 80. Nilizunguka na daftari katika chumba cha walimu. Mwalimu wa hesabu aliahidi shilingi 500 kwa kilomita, kisha akauliza kwa makini kama kilomita za kurudi nazo zinahesabiwa. Nilimwambia tutarudi kwa basi. Alipumua.

Nilifanya mazoezi miezi miwili na watu watatu niliowapata kwa sababu ya lugha, maana mzungumzaji wa Kiswahili akiwa Kampala humnusa mwenzake hata katikati ya mnada. Wa kwanza alikuwa fundi wa baiskeli wa Katwe, aliyezaliwa Uvira na kukulia Goma, mji wa mashariki mwa Kongo ambao watu wake wanaithamini sana chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, kiasi kwamba wameijengea sanamu katikati ya barabara. Wa pili alikuwa mama mfanyabiashara wa nguo kutoka Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambaye hakuna mazungumzo ya baiskeli yaliyoweza kuisha bila yeye kukumbusha kwamba bodaboda zilizaliwa mpakani kwao katika miaka ya 1960, zikiwa baiskeli za kuvusha watu na mizigo kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Wa tatu alikuwa Afande, askari mstaafu, mwenye Kiswahili cha kambini ambacho kila sentensi yake, hata ya kuomba chumvi, inasikika kama amri.

Hapo ndipo ningepaswa kuona dalili. Sisi wanne, sote tukiwa tunazungumza Kiswahili na kuelewana vizuri, hatukuwa na jina moja la chombo tulichokuwa tumekipanda. Fundi aliiita kinga, kama wanavyosema kwao, na siku ya kwanza aliponiambia kwamba kinga yangu ni mbovu nilidhani anazungumzia kofia ngumu. Mama Busia alisema anainyonga baiskeli, jambo ambalo kwetu Tanga lingehitaji kamba na mti. Waganda waliotuzunguka waliiita eggaali, yaani gari letu lenyewe lililosafiri kutoka pwani likafika kwao likabadilishwa kazi, na treni wakaiita eggaali y'omukka, kama sisi tunavyosema gari la moshi. Nilifurahia mambo hayo kama mwalimu wa lugha anavyofurahia, nikayaandika kwenye kijitabu changu, na sikufikiri hata kidogo kwamba siku moja yangenihusu nikiwa kwenye mwendo wa kilomita 25 kwa saa.

Tulikusanyika uwanja wa Kololo saa kumi na moja alfajiri, giza bado nene. Uwanja huo ndio uliopandishwa bendera ya Uganda huru usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba 1962, na ni mpana kweli, lakini mpana si neno utakalolikumbuka ukiwa katikati ya watu ambao kila mmoja amebeba chombo chenye urefu wa karibu mita mbili na pedali mbili zinazochoma miundi. Kulikuwa na baiskeli nyembamba za mashindano ambazo wenyewe walizishika kwa vidole viwili kama kikombe cha kahawa, kulikuwa na baiskeli nzito za chuma zenye karia pana zilizozoea magunia ya makaa na mikungu ya ndizi, kulikuwa na za watoto, na kulikuwa na moja ya watu wawili iliyopandwa na mume na mke waliokuwa wamegombana tayari kabla hatujaondoka. Namba yangu ilikuwa 1,146. Muziki ulipigwa kwa nguvu, maji yaligawiwa, fulana zilikuwa za rangi moja na za saizi moja, na waandaaji walistahili pongezi kwa mambo mengi ambayo mwandaaji hutarajiwa kuyafikiria.

Lawama yangu ni moja, na nitaisema wazi ili nisiirudie: walituachilia sote kwa pamoja. Kundi kubwa la baiskeli halitembei kama maji ya bomba. Wa mbele akigusa breki kidogo tu, wa pili anagusa zaidi, wa kumi anafunga, na wa mia moja anashuka kabisa na kusimama akijiuliza kuna nini. Kisha wa mbele anaondoka, na nafasi inafunguka polepole kuelekea nyuma kama kinanda cha mkono kinachovutwa. Mashindano ya baiskeli ya Cape Town, yanayofanyika tangu mwaka 1978 kwa njia ya kilomita 109 na kukusanya makumi ya maelfu ya watu, huwaachilia washiriki kwa makundi, kila kundi likipewa dakika zake, na hakuna anayejiona ameonewa. Sisi tulitoka Kololo kama watoto waliosikia kengele ya mapumziko. Kabla ya kufika Nakawa nilikuwa nimeona watu watano chini, wote kwa mwendo wa kutembea, wote wakicheka, isipokuwa mmoja aliyekuwa anaitazama simu yake iliyopasuka kioo.

Hata hivyo, ukishazoea, kundi lina raha yake, na raha hiyo sikuijua Tanga. Ukikaa nyuma ya mwenzako kwa karibu, yeye anaupasua upepo na wewe unapita katika nafasi aliyoiacha, na kazi ya miguu inapungua kwa robo au zaidi bila mtu yeyote kukudai. Gharama yake ni kwamba huoni barabara. Unaona mgongo wenye fulana, unaona tairi la nyuma, na lami inatokea chini yako ghafla ikiwa imeshapita. Kwa hiyo watu wa mbele huwa macho ya watu wa nyuma, na macho hayo husafiri kwa sauti: anayeliona shimo analitaja, wa nyuma yake anarudia, na neno linapita kutoka kinywa hadi kinywa hadi limfikie mtu aliye mita mia mbili nyuma, ambaye atalikwepa shimo ambalo hakuliona. Inapofanya kazi vizuri inapendeza sana kuisikia. Ni kama vile kiitikio cha ngoma kinavyorudi nyuma.

Lakini neno lenyewe ni lipi? Jambo hili halikuwa limezungumzwa na yeyote. Kati ya Nakawa na Bweyogerere nilisikia shimo likitajwa kwa Kiganda, kinnya, nikalisikia kwa Kiingereza, nikalisikia kwa Kisoga, na nilisikia pia mlio usio na lugha, wa mtu aliyeingia ndani yake. Nyuma yetu Afande alikuwa anapiga kelele "Shimo!" kwa sauti ya gwaride, na vijana waliokuwa mbele walitii kwa kusimama, maana sauti ile haikuonekana kuwa ya taarifa. Kuna mahali mtu alipaza sauti "Kkono! Kkono!" Mimi niliyesikia mkono, nikanyoosha mkono wangu wa kulia haraka nikidhani tunatakiwa kutoa ishara, na nikampiga kibao bwana mmoja aliyekuwa ananipita taratibu. Kkono kwa Kiganda ni kushoto. Bwana yule alinitazama kwa huruma, akasema "Mpola, nnyabo," akaenda zake. Nnyabo ni mama, na mpola nililielewa, kwa sababu ni ndugu wa polepole.

Baada ya Mukono jua lilikuwa limepanda, kundi lilikuwa limeanza kunyooka, na nilikuwa najisifu moyoni. Kisha tukaingia Namawojjolo. Aliyepita barabara ile anapajua: wauzaji wengi, vijana na kina mama, waliovaa makoti ya kazi, wanaokimbilia kila gari linalopunguza mwendo wakiwa wameshika mishikaki ya kuku mikononi kama mashada, pamoja na gonja, yaani ndizi za kuchoma, na chupa za maji. Gari likisimama, madirisha yote hujaa mikono kwa wakati mmoja. Sasa fikiria wafanyabiashara hao wameona mamia ya watu wenye njaa wakija kwao bila hata madirisha. Waliingia barabarani. Sikuwalaumu wakati huo wala siwalaumu sasa, ndiyo kazi yao na ile ilikuwa siku ya neema, lakini barabara ilibana mpaka tukawa tunapita wawili wawili, moshi wa mkaa machoni, kuku mmoja akipita mbele ya pua yangu kwa umbali ambao ningeweza kumng'ata.

Mbele yangu alikuwa dada mmoja mwenye baiskeli ya buluu, na rafiki yake alikuwa ametangulia kidogo. Dada yule aliona rafiki yake anapotea katika umati, akainua shingo akaita kwa sauti kali: "Linda! Linda!"

Kwa Kiswahili, mtu akikuambia linda sokoni, katikati ya msongamano, mikono ya watu usiowajua ikiwa imekuzunguka, kuna maana moja tu. Nililinda. Niliachia usukani kwa mkono wa kushoto nikaubandika kiunoni mahali ilipokuwa simu na pesa, nikageuza shingo kumtafuta mwizi. Kwa Kiganda, linda maana yake ni subiri. Dada alikuwa anamwomba rafiki yake amsubiri, na yeye mwenyewe, akiwa amemwona rafiki amesimama, akapunguza mwendo. Tairi langu la mbele lilipita ubavuni mwa tairi lake la nyuma, yakagusana.

Wale wasiowahi kuendesha katika kundi wanaweza kudhani kwamba anayegongwa ndiye anayeanguka. Si hivyo. Tairi la nyuma halina haja ya kugeuka ili baiskeli isimame, kwa hiyo yule wa mbele husikia msuguano tu na kuendelea. Wa nyuma ndiye anayenyimwa usukani, na bila kuugeuzageuza usukani hakuna binadamu anayeweza kukaa juu ya magurudumu mawili. Dada hakujua hata kama amegusana na mtu mpaka aliposikia kishindo. Nilikwenda chini kwa upande wa kulia, kiwiko kikatangulia, na kitu nilichokiona kwa ukaribu kuliko vyote siku ile kilikuwa kiatu cha mpira cha muuza kuku, chenye kitobo kidogo kwenye kidole gumba, kilichoruka nyuma hatua moja ili kunipisha.

Aliyeniokoa na balaa la pili ni Afande. Alikuwa mita tatu nyuma yangu. Hakufunga breki, kwa sababu angefunga wangempanda mgongoni, alipinda kwenda pembeni ya lami, akajitupa chini kwa miguu miwili, akainua mkono na kutamka neno moja, "Simama!" kwa sauti ambayo nadhani ilisikika Mukono. Kundi zima lilisimama. Wauzaji nao walisimama, na basi dogo la abiria lililokuwa linakuja upande wa pili lilisimama pia. Baadaye aliniambia kwamba katika jeshi la nchi hii Kiswahili kimetumika tangu enzi za wakoloni kwa sababu askari walitoka kila kabila, na kwamba amri isiyoeleweka na wote haina faida hata ikiwa sahihi. "Mwalimu," alisema, akinifunga kitambaa kwenye kiwiko, "kabla ya safari mngetupanga kwanza, mkatupa maneno manne tu." Nilimjibu kwamba mimi si mwandaaji. "Wewe ni mwalimu wa lugha," akasema, na hilo sikuwa na jibu lake.

Hakuna mfupa uliovunjika. Gurudumu la mbele ndilo lililopinda, likawa linazunguka kwa kuyumba kama sahani iliyoangushwa, likigusa breki kila mzunguko. Fundi aliigeuza baiskeli ikasimamia siti na usukani, akachuchumaa kando ya barabara, akatoa mfukoni ufunguo wa spoki usiozidi ukubwa wa sarafu. Sijawahi kuona kazi ikifanyika kwa utulivu vile mahali penye kelele vile. Alilizungusha gurudumu polepole huku amekaza ukucha wa kidole gumba karibu na ringi, akisikiliza mahali inapogusa ukucha, kwani ukucha ndio ulikuwa kipimo chake. Ringi ikigusa, alisimamisha, akakaza spoki za upande wa pili kwa nusu mzunguko na kulegeza za upande ule ule kwa kiasi hichohicho, ili gurudumu livutwe kurudi kati bila kupoteza umbo la duara. Spoki mbili zilikuwa zimekatika, akazisokota kwenye jirani zake zisining'inie. Alifanya hivyo mara kumi, labda kumi na tano. Watoto walikusanyika. Yule muuza kuku mwenye kiatu kilichotoboka alisimama juu yake na kumkinga jua kwa trei. "Kinga yako imepona," alisema Fundi hatimaye, na mara hii nilimwelewa. Muuza kuku alikataa kulipwa kwa ajili ya kivuli, hivyo tulinunua kuku wanne.

Dada wa baiskeli ya buluu naye alirudi, amefadhaika, akaniomba radhi kwa Kiganda, kisha Kiingereza, kisha akakusanya Kiswahili chote alichokuwa nacho akasema, "Pole sana, mama, mimi nilisema linda." Nilimwambia nami nililinda. Mama Busia alimfafanulia, na dada akacheka mpaka akakaa chini. Kuanzia hapo alienda nasi, na ni yeye aliyependekeza jambo ambalo nalihesabu kuwa la maana kuliko yote tuliyofanya siku ile. Tukiwa tunakula kuku, tulikubaliana na watu kama thelathini waliokuwa wamesimama karibu juu ya maneno machache: kinnya kwa shimo, kwa sababu ndilo lililokuwa limeshazoeleka, simama kwa kusimama, kwa sababu kila mmoja alikuwa amekwisha kuona linavyofanya kazi, mpola kwa kupunguza mwendo. Kulia na kushoto zilizua mjadala, mwishowe tukaamua zioneshwe kwa mkono bila neno. Na linda lilipigwa marufuku kabisa.

Kutoka pale hadi Lugazi sina mengi ya kusema, isipokuwa kwamba kiwiko kiliuma na malori ya miwa yalitupita kwa karibu. Mji ule umekaa na kiwanda cha sukari tangu mwaka 1924, na harufu ya molasi hukupokea kabla hujaona nyumba ya kwanza. Baada ya hapo ni Mabira. Niliupita msitu ule mara nyingi kwa basi nikiwa nimesinzia, na sikujua kwamba una ubaridi unaoanza mahali maalumu, kama mtu aliyefungua mlango. Mita chache nyuma jua linakuchoma shingo, mita chache mbele jasho linapoa mgongoni. Msitu huu una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 300, na mwaka 2007 watu walimiminika barabarani Kampala kupinga mpango wa kukata sehemu yake ili ipandwe miwa, na wengine walipoteza maisha. Kwa yule anayeupita kwa miguu yake mwenyewe, vilima na mabonde yake vyote, hoja ya waandamanaji wale haihitaji maelezo marefu.

Ni humo Mabira ndipo nilipoyasikia maneno yetu yakirudi. Tulikuwa tumeshachanganyika na makundi mengine, watu ambao hawakuwa Namawojjolo wala hawakutuona tukila kuku. Kwenye mteremko mrefu, mbali kabisa mbele, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kwetu, nilisikia "Kinnya!" ikianza, ikashuka kwa sauti nyembamba ya mvulana, ikapita kwa mzee mwenye baiskeli ya karia, ikafika kwa mzungu mmoja aliyeitamka vibaya lakini kwa wakati, ikanifikia, nikaipokea nikaitupa nyuma. Sekunde tatu baadaye shimo lilipita kushotoni kwangu, refu kama beseni la kuogea. Kisha ikaja "Mpola, mpola," na kundi zima likapunguza mwendo pamoja, bila kishindo, bila breki kulia. Mtu aliyekuwa ubavuni mwangu alikuwa Mteso kutoka Soroti, ambako baiskeli bado hubeba abiria kama teksi. Hakujua Kiganda zaidi ya mimi. Nilimwuliza neno kinnya amelitoa wapi. "Limetoka mbele," akanijibu, kama mtu anayeulizwa upepo umetoka wapi.

Tulivuka Nile kwa daraja jipya, lile la nyaya lenye urefu wa mita 525 lililofunguliwa Oktoba 2018, na kwa upande tuliliona bwawa la zamani la mwaka 1954 ambalo kwa miaka mingi ndilo lililobeba barabara hii yote mgongoni. Nilitaka kusema neno zuri hapo juu, lakini upepo wa mto ulikuwa ubavuni na Mama Busia alikuwa anainyonga baiskeli yake huku anaimba, kwa hiyo nilishika usukani kwa mikono miwili nikanyamaza. Jinja tulifika saa nane mchana. Kadi yangu iligongwa muhuri. Kijana wa mezani aliuliza kama kiwiko kilipatwa na nini, na Afande akajibu kwa niaba yangu kwamba ni tatizo la tafsiri.

Baiskeli zilipakiwa kwenye lori, zimelazwa kwa kupishana na maboksi katikati, na sisi tukapewa basi. Nilikuwa kiti cha nne, dada wa baiskeli ya buluu amelala begani kwa Mama Busia, Fundi anapaka mafuta ufunguo wake wa spoki kwa kitambaa. Tulipoingia Mabira giza lilikuwa limeanza, dereva anakwenda kasi, na kila mtu alikuwa kimya kwa uchovu. Mvulana aliyekaa mbele kabisa, karibu na kioo, alipaza sauti bila kufikiri: "Kinnya!" Kiti cha pili kikajibu "Kinnya!", kikaja cha tatu, tukaipokea sisi, ikapita nyuma hadi kiti cha mwisho, watu wengine wakiwa bado wamefumba macho. Dereva alikanyaga breki, akalikwepa shimo, kisha akageuka akauliza ni nani anayemfundisha kazi yake.